MNAZI NAO HUONA NJAA
Jinsi ya kuulisha ili usitawi na kuzaa miaka mingi

Katika mwambao wa Kenya, tangu Vanga hata Lamu, ni shida kupata mti unaotegemewa kuliko mnazi, na ni shida vile vile kupata mti unaonyimwa chakula kuliko huo. Mkulima ambaye hawezi kupanda mahindi mahali pamoja miaka 5 bila ya kutia samadi, huuacha mnazi wake miaka 50 ujitafutie riziki wenyewe, kisha hushangaa aonapo nazi zimekuwa chache na ndogo. Aghalabu husema, "Minazi hii ni ya babu, imekwisha zeeka," au huilaumu mvua. Pengine asema kweli. Lakini mara nyingi mti haukuzeeka. Una njaa.

Kila nazi inayoanguliwa hutoka shambani pamoja na sehemu ya rutuba ya ardhi. Nazi huenda sokoni, makuti huenda kuezeka nyumba, vifuu na makumbi huenda jikoni, na tembo huenda kwa wanywaji. Katika mashamba mengi hakuna kinachorudi. Karani yeyote aujua mwisho wa akiba inayotolewa kila mwezi bila ya kuwekwa kitu. Ardhi nayo ina hesabu yake, ijapokuwa haiandiki barua ya kumwonya mwenyewe.

Tena sehemu kubwa ya ardhi ya pwani ni mchanga. Mchanga una faida yake, kwa kuwa mizizi ya mnazi hupenda kupumua na haipendi kusimama katika maji yaliyotuama. Lakini mchanga haushiki chakula. Mvua ya masika hukiosha na kukipeleka chini, mbali na mizizi. Kwa hiyo shamba la mchanga lililozaa vizuri zamani laweza kudhoofika polepole, na mwenyewe asitambue mpaka hasara imekwisha kuwa kubwa.

DAFTARI LILILO KATIKA SHINA

Mnazi hauna mzizi mmoja mkubwa wa kwenda chini kama mwembe. Una mizizi elfu kadhaa, myembamba kama kamba, inayotoka katika kitako cha shina na kutambaa pande zote. Wala shina lake halinenepi mwaka hata mwaka kama shina la miti mingine. Unene lilioupata wakati wa kukua ndio litakaobaki nao mpaka mti ufe.

Kwa sababu hiyo shina la mnazi ni daftari. Mahali liliponenepa sawasawa, na alama za makuti yaliyoanguka zimeachana vizuri, ni miaka ya shibe. Mahali lilipokonda, na alama zimekaribiana sana, ni miaka ya ukame au ya njaa. Mnazi unaopungua unene kuelekea kileleni, kama penseli iliyochongwa, waonyesha kwamba dhiki yake ni ya sasa. Mkulima akitembea shambani asubuhi moja na kuyasoma mashina yake, atajua ni miti gani inayohitaji msaada kwanza.

Kileleni pia kuna habari. Mnazi mrefu wenye afya hutoa kuti jipya takriban kila mwezi, na hukaa na makuti 30 au zaidi. Katika kwapa la kila kuti huzaliwa karara moja, na katika karara ndimo hutoka maua, kisha vidaka, kisha madafu na nazi. Maana yake ni nyepesi: makuti yakipungua, makarara hupungua, na makarara yakipungua, nazi hupungua.

DALILI ZA NJAA

Vyakula ambavyo mnazi huvihitaji kwa wingi ni vitatu: naitrojeni, fosfeti na potasi. Kwa mahindi naitrojeni ndiyo husifiwa sana. Kwa mnazi potasi ndiyo iliyo mbele, kwa sababu nazi, na hasa makumbi yake, huchukua potasi nyingi kuliko chakula kingine chochote cha ardhini.

Mnazi unaokosa naitrojeni hupauka. Makuti ya chini huanza kuwa manjano, kisha rangi hiyo hupanda juu, na mti wote huwa mnyonge. Unaokosa potasi huonyesha madoa madogo ya rangi ya chungwa katika makuti ya zamani, na ncha na kingo za majani yake hukauka kana kwamba zimeunguzwa na moto, hali sehemu iliyo karibu na upongoo ingali kijani. Ukikosa magnesi, makuti ya zamani huwa manjano upande unaopigwa na jua, lakini mahali palipofunikwa na kivuli hubaki kijani.

Katika njaa zote tatu ni makuti ya zamani yanayoumia kwanza. Sababu ni kwamba mti hutoa chakula katika makuti ya chini na kukipeleka kwa machanga, kama mzazi ajinyimaye kwa ajili ya watoto. Kwa hiyo mtu akataye makuti yaliyoanza kugeuka rangi, akidhani anausafisha mti, huunyang'anya akiba yake ya mwisho, na ugonjwa hupanda haraka katika makuti yanayofuata. Wenye kuuza makuti ya kuezekea na wakumbuke jambo hili. Kuti lililokwisha kukauka ni halali ya mwenye shamba, lakini kuti bichi hulipwa kwa nazi za mwaka ujao.

CHAKULA KILICHOMO SHAMBANI

Kabla ya kufikiri juu ya mbolea ya dukani, yafaa mkulima atazame palipo kifuo chake. Mahali pafuliwapo nazi huwa na chungu ya makumbi, na watu wengi huyaona kuwa takataka. Makumbi hayo ndiyo yenye sehemu kubwa ya potasi iliyotoka ardhini. Auzaye nazi pamoja na makumbi yake huuza na potasi ya shamba lake, lakini afuaye nazi nyumbani anayo nafasi ya kuirudisha.

Njia ni kuchimba mfereji wa mviringo kuuzunguka mnazi, umbali wa mita 1 na nusu hadi 2 kutoka shinani, na kuyapanga makumbi humo, tumbo lake likielekea juu, kisha kuyafukia. Makumbi hunyonya maji ya mvua na kuyaweka kama sifongo, na mizizi huyafuata wakati wa kaskazi jua linapokuwa kali. Yaozapo polepole, huacha potasi yake mahali inapohitajiwa. Kazi ya mara moja husaidia miaka kadhaa.

Makumbi yaliyochomwa jikoni hayakupotea bure, maadamu majivu yake hayatupwi. Majivu ya makumbi yana potasi nyingi sana, nayo yanyunyizwe katika mviringo huo huo na kufunikwa kwa udongo. Lakini yasichanganywe na salfeti ya amonia wala urea, kwani majivu huifukuza naitrojeni ikapanda hewani, na mkulima hubaki na harufu tu ya fedha zake.

Mimea ya jamii ya kunde, ikipandwa baina ya minazi, huongeza naitrojeni katika ardhi. Kunde na njugu mawe zinafaa, na mabua yake yalazwe chini baada ya mavuno. Nchini Sri Lanka wakulima wa minazi hupanda mti uitwao gliricidia, wakayakata matawi yake machanga na kuyafukia miguuni mwa minazi. Mti huo husitawi katika pwani ya Kenya pia. Mhogo, kwa upande mwingine, ni mlafi wa potasi. Apandaye mhogo chini ya minazi kila mwaka bila ya kutia kitu ameweka wageni wawili mbele ya sahani moja.

SAMADI NA ADUI AITWAYE CHONGA

Samadi ya ng'ombe na mbuzi ni chakula bora kwa mnazi. Hulisha, hushika maji katika mchanga, na huufanya udongo kuwa hai. Mnazi mkubwa wafaa kupewa kilo 25 hadi 50 kwa mwaka, yaani takriban madebe 3 au 4 ya samadi kavu. Mwenye ng'ombe wachache aweza kuwafunga usiku baina ya minazi na kuwahamisha kila baada ya siku kadhaa, ili mkojo na mavi yaanguke pale pale yanapohitajiwa.

Hata hivyo samadi ina hatari moja. Chonga, yule mdudu mweusi mwenye pembe atoboaye moyo wa mnazi, hutaga mayai yake katika samadi iliyorundikwa na katika magogo ya minazi yanayooza. Funza wake wanene, weupe, hulelewa humo miezi mingi. Basi mtu alimbikizaye samadi karibu na minazi akaiacha bila ya kuigusa, huwa amemjengea adui nyumba na kumpikia chakula. Samadi igeuzwe mara kwa mara, funza waokotwe na kupewa kuku, na mara inapoiva isambazwe na kufunikwa kwa udongo. Magogo ya minazi iliyokufa yapasuliwe na kuchomwa. Makuti yakiwa na mikato iliyonyooka kama ya mkasi, ni alama kwamba chonga amekwisha fika.

MBOLEA YA DUKANI

Shamba lililonyonywa miaka mingi pengine halitainuka kwa samadi na makumbi peke yake. Hapo ndipo mbolea ya dukani ina kazi yake, lakini yataka kuchaguliwa kwa akili. Mbolea ambazo mkulima wa Kenya amezizoea kwa mahindi ni DAP na CAN. Ya kwanza ina naitrojeni na fosfeti, na ya pili ina naitrojeni. Hakuna hata moja yenye potasi. Amwagiaye mnazi masalio ya mbolea ya mahindi huupa mboga bila ya ugali: makuti yatakuwa kijani, lakini nazi hazitajaa.

Katika jimbo la Kerala, nchini India, ambako utafiti wa minazi ulianza katika kituo cha Kasaragod mwaka 1916, mnazi mkubwa hushauriwa kupewa kila mwaka gramu 500 za naitrojeni, gramu 320 za fosfeti na gramu 1,200 za potasi. Kwa kupimwa kwa magunia ya dukani, hayo ni takriban kilo 1.1 ya urea, gramu 700 za mbolea yenye herufi TSP, na kilo 2 za mbolea ya potasi yenye herufi MOP. Mtu atazame jinsi potasi inavyozidi naitrojeni zaidi ya mara mbili.

Vipimo hivyo viliwekwa kwa ardhi na mvua ya Kerala, na mkulima wa Kwale au Kilifi asivichukue kama sheria. Faida yake ni kumwonyesha uwiano wa vyakula hivyo. La busara ni kupeleka udongo upimwe na kumwuliza Bwana Shamba au kituo cha utafiti cha Mtwapa, kisha kuanza na kiasi kidogo. Potasi ikizidi sana huuzuia mti usipate magnesi, na zile dalili za manjano ya juani hutokea. Dawa yake ni chumvi ya haluli, gramu 500 kwa mnazi kwa mwaka.

Mche hauli kama mkubwa. Miezi ya kwanza hunyonya chakula kilichomo ndani ya nazi yenyewe, kama mtoto anyonyavyo maziwa. Upandwapo, shimo litandikwe makumbi na kujazwa udongo wa juu uliochanganywa na samadi iliyoiva vizuri. Baada ya miezi 3 upewe sehemu 1 katika 10 ya kipimo cha mti mkubwa. Mwaka wa pili theluthi moja. Mwaka wa tatu theluthi mbili. Na tangu mwaka wa nne kipimo kizima. Mche ulioshibishwa miaka hiyo ya mwanzo hupata shina nene na huwahi kuzaa. Ulioonewa utotoni hauwezi kulipwa baadaye, kwa kuwa, kama ilivyoelezwa, shina halinenepi mara ya pili.

MAHALI NA WAKATI

Wengi humwaga mbolea miguuni kabisa pa shina. Hiyo ni hasara, kwani mizizi inayokula imesambaa mbele zaidi. Mbolea itiwe katika mviringo unaoanzia nusu mita kutoka shinani hadi mita 2 hivi, magugu yakiwa yamekwisha palizwa, kisha ichanganywe na udongo kwa jembe bila ya kuchimba sana, ili mizizi isikatwe. Urea iachwayo wazi juani hupotelea hewani, kwa hiyo haina budi kufunikwa.

Kipimo cha mwaka kigawanywe mara mbili. Nusu itiwe wakati wa masika, mvua za kwanza zikiisha kulowesha ardhi, na nusu wakati wa vuli. Isitiwe katika ardhi kavu, kwani mizizi haiwezi kula chakula kisichoyeyuka, wala isitiwe siku za gharika, maji yakaichukua mpaka bondeni kwa jirani.

HABARI YA CHUMVI

Katika nchi kadhaa wazee walikuwa na desturi ya kutia chumvi ya kula katika minazi, na mabwana shamba wengi waliwacheka. Katika miaka ya 1970 majaribio yaliyofanywa Ufilipino yalionyesha kwamba wazee hawakukosea. Chumvi ina klorini, na mnazi, tofauti na mimea mingi, huhitaji klorini nyingi, ambayo huusaidia kutunza maji mwilini wakati wa ukame. Iligunduliwa pia kwamba sehemu ya faida iliyodhaniwa kuwa ya potasi ilitokana na klorini iliyomo katika mbolea ya MOP.

Lakini minazi iliyo karibu na bahari huletewa chumvi na upepo kila siku, nayo haina haja ya kuongezewa. Atiaye MOP naye amekwisha tia klorini. Na chumvi ikizidi katika udongo wa mfinyanzi usiopitisha maji huuharibu udongo wenyewe, na mihogo na mahindi yaliyo chini ya minazi huumia kwanza.

YASIYOPONYWA NA MBOLEA

Si kila mnazi mgonjwa una njaa. Vidaka vikianguka vingi vikiwa na makovu yanayotoa utomvu, yumkini vimefyonzwa na kunguni wa minazi. Katika miaka ya 1950 mtaalamu M. J. Way alichunguza Unguja na kuonyesha kwamba siafu wekundu wa mitini, waitwao majimoto, humfukuza mdudu huyo. Kwa hiyo mkulima awachomaye majimoto kwa sababu humwuma mkwezi hufukuza askari wake mwenyewe. Tanzania bara kuna ugonjwa wa kunyong'onyea, ambao huangusha nazi, hugeuza makuti kuwa manjano na mwisho huua moyo wa mti. Hakuna mbolea inayouponya. Dalili za namna hiyo zikionekana popote, ziarifiwe upesi kwa maafisa wa kilimo.

Vile vile mbolea haiwezi kuisaidia minazi iliyobanana. Nafasi ya futi 30 kwa 30, yaani mita 9, hutosha minazi 48 katika eka. Ikizidi sana, hupigania jua, na jua haliuzwi kwa gunia.

NANI ATOE GHARAMA?

Hapa ndipo kazi hii hukwama mara nyingi. Kwa desturi ya pwani mtu aweza kumiliki minazi katika ardhi isiyo yake, na minazi ya marehemu hugawanywa baina ya warithi, huyu miti 7, yule miti 12. Pengine mmoja anafanya kazi Mombasa, wa pili yuko shambani, na wa tatu ameikodisha miti yake kwa mgema. Kila mmoja huangua, na kila mmoja humngoja mwenziwe atie samadi. Ajizi ni nyumba ya njaa, na mnazi wa watu wengi hufa njaa mapema kuliko wa mmoja.

Yafaa jamaa wakae na kuandika mapatano: aliye mjini alete fedha za mbolea, aliye shambani atoe kazi na makumbi, na kila mmoja ajue fungu lake la nazi. Mgema naye asisahauliwe. Karara inayogemwa haizai nazi, lakini haimaanishi kwamba mti umepumzika, kwa kuwa maji matamu yatokayo kila asubuhi na jioni ni chakula ambacho mti umekitengeneza kwa jasho lake. Mapatano ya kukodisha na yataje madebe ya samadi, kama yanavyotaja shilingi.

HESABU YA MIAKA MINNE

Jambo linalowakatisha tamaa watu wengi ni kwamba mnazi haujibu upesi. Makuti huweza kubadilika rangi baada ya miezi kadhaa, lakini tangu chipukizi la karara lianze kuumbwa ndani ya moyo wa mti mpaka nazi zake zikomae hupita zaidi ya miaka 3. Nazi zinazoanguliwa leo zilianza kupangwa katika mvua za miaka iliyopita. Ndiyo sababu mtu atiaye mbolea mwaka mmoja, asione kitu, akaacha, huwa amelipa nauli na kushuka garini katikati ya njia.

Asiyekuwa na hakika na ajaribu kwa minazi 20 iliyolingana kwa umri na hali. Kumi aipake alama ya chokaa na kuilisha. Kumi aiache kama ilivyo. Kila mkwezi apandapo, hesabu ya nazi za kila fungu iandikwe katika daftari la mtoto wa shule, pamoja na gharama ya mbolea na bei ya nazi siku hiyo. Mwaka wa kwanza na wa pili tofauti yaweza kuwa ndogo. Mwisho wa mwaka wa nne daftari hilo litamwambia, kwa ardhi yake na kwa mfuko wake, kama apanue kazi hiyo kwa shamba zima au atosheke na samadi na makumbi.

Na kwa asiye na shilingi hata moja ya kununua mbolea, kazi ya kwanza haihitaji fedha. Makumbi yamo penye kifuo, majivu yamo jikoni, samadi imo zizini, na jembe limo nyumbani. Kabla masika hayajafika, mtu mmoja aweza kuizungushia mfereji minazi miwili au mitatu kwa siku. Minazi hiyo itakuwa bado ikizaa wakati ambapo watoto wake wamekuwa wazee.